Msumari wa Hoteli ya Dorca

Katika hoteli ya Dorca, pale Nyalenda, kulikuwa na msumari mrefu juu ya meza ya chai. Ulikuwa umepigiliwa kwenye boriti tangu mwaka wa themanini na tatu, na kwa miaka yote hiyo haukuwahi kutundikwa kitu. Dorca hakukubali mtu auguse. Mteja akitaka kutundika koti au kofia, Dorca humwambia, "Huo una mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Oduor Amolo, seremala wa vitanda na viti, mtu mpole ambaye huwezi kumsikia akigombana hata na mteja anayechelewa kuchukua kitanda chake. Lakini kila alipoingia mle kunywa chai, alikaa akiupa msumari ule mgongo.

Kisa kilikuwa hiki. Kila mwaka, mara baada ya Krismasi kupita na mashamba kukauka, watu wa ziwani, yaani sisi wa Nyalenda, na watu wa Awasi walikutana kwenye uwanja nyuma ya Mamboleo kushindanisha ndege ndogo za kutengeneza kwa mkono. Ndege hizo hazikuwa na injini. Mabawa yalikuwa vijiti na karatasi nyembamba iliyopakwa uji wa wanga ikakauka na kukaza kama ngozi ya ngoma. Mwenye ndege aliivuta kwa kamba akikimbia, ikipanda juu vya kutosha kamba inachomoka, na kuanzia hapo ndege iko mikononi mwa Mungu na upepo. Itakayokaa hewani zaidi kabla ya kugusa ardhi ndiyo inayoshinda.

Mchezo huo ulikuwa na desturi mbili ambazo hakuna aliyezivunja. Ya kwanza, saa ya kupimia ilishikwa na mpinzani, maana hakuna aliyemwamini mtu wa kwao. Mpinzani aliivaa shingoni kwa kamba, akakimbia chini ya ndege yako hadi itakapotua. Ya pili, walioshindwa waliibeba ndege ya mshindi kwa miguu hadi kwao mshindi, wakaitundika hotelini kwa mikono yao wenyewe. Kule Awasi zilining'inia ndege tano juu ya meza za chai, zote zimetundikwa na watu wa ziwani, wengine wakiwa na machozi.

Mwaka wa themanini na tatu Oduor alishinda. Ndege yake ilipanda asubuhi, wakati upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, ikapita juu ya mji, ikapita juu ya bandari, ikawa nukta, kisha haikuonekana tena. Aliyeshika saa siku hiyo alikuwa Nicodemus Masinde, mtu aliyetoka upande wa Bungoma na kuweka mashine ya kusaga mahindi pale Awasi. Alikimbia mpaka maji yakamfika magotini. Ushindi haukuwa na ubishi. Lakini ndege ya kutundika haikuwepo, na watu wa Awasi walishikilia hapo hapo.

"Bila ndege hakuna kutundika," alisema Masinde, "na bila kutundika hakuna kushindwa. Sisi hatujawahi kutundika ndege ya mtu wa ziwani, na Mungu anisaidie, hatutaanza leo."

Tangu hapo, kila Masinde alipokuja mjini kununua vipuri vya mashine yake, hakukosa kupita kwa Dorca. Anaketi, anaagiza chai ya maziwa na mandazi mawili, anainua macho polepole hadi kwenye boriti.

"Mama Dorca, ndege ya huo msumari iko wapi?"

"Iko safarini."

"Bado? Ikifika Uganda itusalimie."

Wateja hucheka, hata wale wa Nyalenda. Oduor naye hutabasamu. Lakini Benta, mkewe, alijua jinsi mumewe anavyokaa kimya siku kama hizo, akipiga randa ubao ambao umeshakuwa laini.

Mwaka wa tisini na nne wazee wa mchezo waliamua kwamba mwaka huo wataruka mabingwa wa zamani tu, mmoja kwa kila upande, ili neno liishe. Awasi walimtoa Masinde, ambaye naye aliwahi kuwa bingwa wao. Nyalenda hawakuhitaji hata kukutana.

Oduor alitengeneza ndege ile ile. Ramani alikuwa nayo kichwani. Alikwenda Dunga kwa wavuvi akaomba kipande cha mti ule mwepesi wa majini wanaofanyia maboya ya nyavu, kama alivyofanya zamani, akauchonga hadi ukawa mwepesi kama mkate mkavu. Alipaka mkia rangi nyekundu kama ule wa kwanza. Kila jioni, kabla ya kuweka vifaa chini, alipiga magoti penye vumbi la mbao akaomba. Alianza kuomba ashinde, akaona aibu kidogo. Mungu ana wagonjwa na wajane wa kusikiliza. Akabadilisha maneno. "Bwana, naomba irudi. Mengine najua unayajua."

Kurudi kwa ndege kulikuwa na njia yake. Mkia ulishikwa chini kwa kipande cha mpira, na kando ya mpira huo ulifungwa kipande cha dawa ya mbu, ile ya mviringo ya kuchoma. Unaiwasha kabla ya kuruka. Moto unatambaa taratibu, ukifika kwenye mpira unaukata, mkia unainuka, na ndege badala ya kupaa inashuka bapa kama sinia. Kipande kirefu kinakupa muda mwingi hewani, na pia nafasi nzuri ya kutoiona ndege yako tena. Mwaka wa themanini na tatu Oduor hakufunga kipande chochote. Alitaka dunia ione.

"Umekata vingapi?" Benta alimuuliza asubuhi ya siku yenyewe, alipomwona akiweka vipande kwenye kibiriti kitupu.

"Viwili. Kirefu na kifupi."

"Na utafunga kipi?"

"Tutaona huko."

"Mimi nimeshaona," alisema Benta. "Ukifunga kirefu, usije ukanipigia randa usiku kucha."

Uwanjani watu walikuwa wengi. Dorca alifunga hoteli, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua. Mwamuzi alikuwa Mwalimu Kageha, mstaafu, aliyekuwa na kofia pana na sauti ya darasani. Upande wa Kibos wakulima walikuwa wakichoma shamba la miwa tayari kwa kukata, na moshi ulisimama mrefu angani.

Masinde aliruka kwanza. Alikuwa mjanja, hilo lazima lisemwe. Alingoja mpaka mwewe wawili wakaanza kuzunguka pembeni mwa moshi bila kupiga mabawa, akajua hewa ya moto inapanda pale, akaivuta ndege yake kuelekea huko. Oduor alikimbia chini yake na saa shingoni. Ndege ilipanda, ikazunguka na mwewe, mkia ukainuka kwa wakati, ikatua kwenye majani makavu. Oduor alibonyeza saa mguu wa ndege ulipogusa, si kabla si baada.

"Dakika nne na ushee!" alitangaza mwenyewe, na watu wa Awasi wakarusha kofia juu.

"Asante kwa haki yako, bwana bingwa wa majini," alisema Masinde akichukua saa na kuivaa. "Sasa zamu yako. Ama unangoja ruhusa ya ziwa?"

"Nangoja upepo ugeuke."

"Ngoja tu. Mimi nimezoea kungoja. Nangoja ndege yako tangu themanini na tatu."

Upepo wa ziwani ulipoanza kuvuma kuelekea nchi kavu, Oduor alitoa kibiriti. Kile kipande kirefu kingempa dakika sita, hata zaidi. Kile kifupi kingeinua mkia kabla ya kufikia muda wa Masinde. Kila mtu wa Nyalenda aliyekuwa karibu aliona hivyo. Dorca alisema wazi, "Kirefu, omera, ndugu yangu. Kirefu!"

Oduor alifumba macho. Hakuomba kwa maneno. Kilichomjia ni ndege ile nyekundu ikiwa nukta juu ya maji, na jinsi alivyofurahi wakati ule, akipiga makofi kama mtoto huku kitu alichokitengeneza kwa miezi kinapotea. Akafunga kile kifupi.

"Basi tumekwisha," alisema Dorca.

Akawasha, akakimbia. Ndege ilipanda ikiwa imenyooka, kamba ikachomoka, ikaingia kwenye ile hewa ya moto wa miwa kana kwamba imefunguliwa mlango. Ilizunguka mara kadhaa, kila mara juu zaidi. Kisha, mapema kama ilivyotarajiwa, mkia ukainuka. Watu wa Nyalenda wakaguna wote pamoja.

Lakini ndege haikushuka. Ilikuwa imelala bapa, mkia juu, imenyimwa kupaa, na bado hewa ya moto iliishikilia pale pale, ikiitikisa taratibu. Moto wa miwa ulikuwa umeshika sehemu mpya, na hewa ilizidi kupanda. Muda ukapita. Halafu ikaanza kuja chini, pole pole, ikisogezwa na upepo kuelekea mtaro wa kumwagilia maji uliokuwa kando ya shamba.

Masinde alikuwa chini yake akikimbia, tumbo mbele, saa ikirukaruka kifuani. Aliuona mtaro. Aliona ule mkia mwekundu unashuka moja kwa moja kwenye maji. Na hapo, ndani yake, fundi wa ndege akamshinda mtu wa Awasi. Akaruka hadi ukingoni, akanyoosha mikono yote miwili, akaidaka.

Akasimama pale na ndege juu ya kichwa chake, akihema. Mikono yake yote ilikuwa na kazi. Saa shingoni iliendelea kwenda.

Aliyeelewa kwanza alikuwa Dorca. "Haijagusa ardhi!" alipiga kelele. "Masinde, usiishushe! Haijagusa ardhi, na saa inakwenda!"

Nyalenda yote ikalipuka. Watu walicheka mpaka wakaketi chini. Watu wa Awasi walimzunguka mtu wao.

"Iweke chini, Nico!"

"Akiiweka chini sasa tumeshindwa! Dakika nne zimeshapita!"

"Basi asiiweke!"

"Asiiweke mpaka lini?"

Mwalimu Kageha alifika akiwa ameshika kofia. Sheria ilisema mpaka iguse ardhi. Haikusema lolote kuhusu Masinde. Akamgeukia Oduor, aliyekuwa amefika akipumua kwa shida, akitazama ndege yake, si saa.

"Masinde," alisema Oduor, "ilipofika mikononi mwako, ilikuwa imepita yako?"

Masinde angeweza kusema haijapita. Hakuna mwingine aliyekuwa karibu na saa ile. Alilamba midomo.

"Haki ya Mungu, Oduor, sijui. Sikuangalia saa. Nilikuwa naangalia ndege."

Oduor aliinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya kanisani kabla ya kusema amina.

"Basi tuseme haikupita. Jina la bingwa libaki Awasi."

"Oduor!" alisema Dorca. "Umerogwa? Umeshinda, sheria iko hapa!"

"Mama, nina miaka kumi na moja nashinda kwa maneno. Nimechoka."

Benta, aliyesimama nyuma ya umati, alifunga leso yake upya. Oduor akanyoosha mikono kupokea ndege yake. Masinde hakumpa.

"Ngoja," alisema. "Mwaka ule nani alishika saa?"

"Wewe."

"Mimi. Niliingia majini na viatu. Na nilijua tumeshindwa kabla hata sijatoka majini. Nikasema hakuna ndege ya kutundika." Akawatazama watu wake. "Haya. Leo iko."

"Si ndege ile, Nico," mmoja wao alisema.

"Ni mbao ile, mkia ule, fundi yule. Unataka nini tena, cheti cha kuzaliwa? Nipisheni."

Akaanza kutembea. Alipita njia panda ya Mamboleo, akashika barabara ya mjini, ndege juu ya kichwa, na umati wa pande zote mbili nyuma yake. Kila alipotaka kupumzika, Dorca alimfuata akisema, "Juu, Baba, juu!" Benta alimnywesha maji kwa mkono wake mwenyewe, maana Masinde hakuwa na mkono wa kushikia kikombe. Wauzaji wa sokoni waliacha mizani wakauliza ni msiba au ni harusi.

Walipofika hotelini, Masinde alipanda juu ya meza ya chai na viatu vyake vyenye matope ya mtaro, na Dorca, kwa mara ya kwanza, hakumkaripia mtu kwa hilo. Alisimama chini ya boriti. Akainua macho polepole, kama alivyozoea.

"Mama Dorca," aliuliza, "ndege ya huo msumari iko wapi?"

"Imefika," alisema Dorca.

Akaitundika. Akashuka, akanyoosha mgongo, akashika saa kifuani ambayo bado ilikuwa inakwenda. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

"Acha hapo!" Dorca alimzuia. "Imegusa ardhi?"

Masinde aliiangalia ndege, akamwangalia Oduor, akaanza kucheka, akaacha saa iende mpaka ikaishiwa nguvu yenyewe.

Hivyo jina lilibaki Awasi mwaka ule, na watu wa Awasi hawaachi kulitaja. Lakini wakiingia kwa Dorca na kuanza majigambo yao, yeye huelekeza juu kwa kijiko cha chai.

"Zenu zilitua," huwaambia. "Yetu bado iko hewani."

Oduor haingii katika maneno hayo. Hupuliza chai yake, siku hizi akiwa ameketi upande wa pili wa meza, akitazama boriti.