Karatasi za Luvenia Ndani ya Friza

Ukitaka kujua Shangazi Odessa anathamini nini, usihangaike na sebule yake. Fungua friza. Chini ya bamia na mapichi ya kiangazi alificha mfuko wa nailoni wenye karatasi za mama yake, Luvenia: picha za duka lake la kofia, na kurasa alizoandika kuhusu siku Wazungu walipoichoma Greenwood, mtaa wa watu weusi mjini Tulsa, Marekani, alikoishi. Picha hizo Luvenia alikimbia nazo chini ya aproni. Tangu hapo, kwa ukoo ule, karatasi ya maana haikai kabatini. Kabati huungua.

Jumamosi moja akaja Renita, binti wa kaka yake, mtunza nyaraka wa maktaba, na boksi na fomu mkononi. Odessa akautoa mfuko kwenye friza, akaukumbatia.

"Shangazi, weka sahihi hapa, nizichukue."

"Hee! Hata salamu hakuna, sahihi tu! Na hiyo maktaba yenu haiungui?"

"Ina mitambo ya kuzima moto. Na karatasi zikifika, kwanza tunazigandisha, wadudu wafe."

Odessa akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Kumbe na nyie mna friza! Bamia je, mnazo?"

Kicheko kilikwisha, lakini mfuko alikuwa bado ameukumbatia kifuani, na baridi yake yote. Si uchoyo, alikuwa anaogopa. Mama yake alimwachia wasia mmoja: "Usimlazimishe mtu kusikia. Ngoja waulize." Na Luvenia alikufa akingoja, maana mji mzima ulikaa kimya, weupe kwa aibu, weusi kwa woga. Leo karatasi zinatakiwa, lakini Luvenia mwenyewe hakuna aliyemuulizia. Zikiondoka hivi hivi, mama yake atabaki namba juu ya boksi.

Renita aliuona uso wa shangazi yake. Akaisogeza fomu kando, akavuta kiti.

"Mimi bibi sikumkuta, Shangazi. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Machozi yakamlenga Odessa. Alimpenda mtoto huyu siku zote, lakini siku ile alimpenda zaidi. Akatoa mapichi kwenye friza.

"Washa oveni, mwanangu, tuoke pai. Mambo haya hayasimuliwi mtu akiwa na njaa."

Kisha akausukuma mfuko mezani, mpaka mikononi mwa Renita.

"Mama yangu," alianza, "alivaa kofia pana, hata mlangoni alipita kwa ubavu."