Safu ya Kabila

Sista mkuu wa wodi ya kiharusi alikuwa amewadharau watu wengi maishani, lakini hakuna aliyepewa dharau yake nzima nzima kama daktari bingwa. Wauguzi walimwita Jedwali, nyuma ya mgongo wake bila shaka. Bwana huyu alikuwa na utafiti. Eti watu wa mlimani mishipa yao ya kichwani hupasuka damu ikavuja, na watu wa bondeni mishipa yao huzibwa na damu iliyoganda. Matokeo aliyachora kwa rangi mbili, akayabandika ukutani, na kila asubuhi alisimama mbele yake kama mwenye nyumba anayetazama paa jipya.

Sista alijua jikoni jedwali lile lilikopikwa. Safu ya kabila ilijazwa na karani wa mapokezi, mtu mvivu hata wa kupiga miayo. Mgonjwa wa kiharusi hufika mdomo umepinda, hata jina lake halimtoki. Karani hakujihangaisha. Alimuuliza aliyemleta, "Wewe kabila gani?" akaandika hilohilo. Kuna mama mmoja aliletwa na dereva wa teksi, akaandikwa kabila la dereva. Sista alipolalamika, Jedwali alicheka kwa pua.

"Makosa madogo hayo, Sista. Kwenye wingi yanapotea."

Yanapotea! Kana kwamba uongo ukijazana vya kutosha unageuka kweli. Sista alitoka ofisini mle akitamani kunawa mikono.

Asubuhi moja fundi cherehani mzee aliletwa na mkewe. Upande wa kulia ulikuwa umelegea wote, anatapika, na mkono wa kushoto, ulio mzima, ulishika kichwa hauachii. Jedwali alikuja, akasoma fomu kabla ya kumtazama mgonjwa.

"Bondeni," alisema. "Mshipa umeziba. Mchome sindano ya kuyeyusha damu."

"Bila picha ya kichwa, daktari?"

"Mwezi ujao nawaonyesha wenzangu mkutanoni kwamba picha si lazima. Ukishajua kabila, umeshajua ugonjwa."

Mashine ya picha ilikuwa chumba cha tatu kutoka pale, tena haina mtu. Kama mshipa ulikuwa umepasuka, sindano ile ingemmaliza mzee kabla ya chai ya saa nne. Sista alimvuta mkewe kando.

"Mama, mzee ni mtu wa wapi hasa?"

"Wa bondeni, mwanangu, kama mimi. Tumezaliwa mtaa mmoja. Kwani vipi?"

Kumbe siku hiyo karani alikuwa amepatia. Sista alisimama kidogo, akapima. Kumweleza Jedwali habari za ugonjwa ilikuwa kazi bure. Bwana yule alisikia lugha moja tu. Akarudi kitandani kwa mzee, uso mkavu.

"Daktari, karani amevurunda tena. Ameandika kabila la mke. Mzee ni wa mlimani."

"Mlimani?" Jedwali aliruka nyuma. "Basi anavuja huyu! Weka chini hiyo sindano! Mpelekeni picha upesi, daktari wa upasuaji atataka kuiona."

Picha ikatoka. Mshipa ulikuwa umepasuka kweli, damu imetanda. Mzee akakimbizwa kupasuliwa, na alasiri alifumbua macho, akambana mkewe vidole kwa mkono wa kushoto. Mama wa watu alilia mpaka kilemba kikamvuka.

Jedwali naye alizunguka wodi nzima na picha mkononi, karani akimfuata na daftari la utafiti.

"Mmeona? Mtu wa mlimani huyo! Karani, andika. Na kuanzia kesho, wa bondeni wote wachomwe bila picha. Tusipotezeane muda."

Tangu asubuhi Sista alikuwa akimcheka kimoyomoyo. Sasa kicheko kilimwisha. Uongo wake ulikuwa umepanda ukutani pamoja na uongo mwingine, na kesho mtu wa bondeni angeulipia kwa roho yake. Alijidharau, na ladha ya dharau ile ilikuwa chungu kuliko alivyozoea kuwaonjesha wengine.

"Daktari, nilikudanganya ili mzee apigwe picha. Ni wa bondeni. Wa bondeni, na amevuja."

Sista alingoja kufokewa, hata kufukuzwa kazi, alikuwa tayari. Kwa mbali alitumaini kwamba bwana yule angegeuka, hata mara moja, alitilie shaka jedwali lake.

Jedwali aliitazama picha, akamtazama yeye, kisha akamgeukia karani.

"Basi mtoe kwenye utafiti," alisema kwa upole kabisa. "Anaharibu jedwali."

Karani alichukua ufutio bila kuuliza lolote, kama mtu aliyezoea. Sista aliinama juu ya daftari amzuie, na hapo ndipo alipoona. Karatasi ilikuwa imekwanguka mstari baada ya mstari, na chini ya kila mkwaruzo jina la mtu lilikuwa bado linasomeka. Alilipokonya lile daftari, akasimama katikati ya vitanda, akaanza kuyasoma majina yale kwa sauti.