Penseli Ananifelisha Tena

Mume wangu alinifelisha mtihani wa udereva miaka thelathini na nne iliyopita, na nusu saa baadaye akaniuliza kama nina mchumba. Ndivyo tulivyojuana. Yeye alikuwa mtahini wa madereva, ubao wa kuandikia mapajani na penseli iliyochongwa mpaka inatisha, na watahiniwa walimwita Penseli. Mimi nilikuwa mkunga kijana mwenye haraka zake. Kosa langu? Eti sikutazama kioo cha pembeni. "Mwenye macho haambiwi tazama," aliniambia, kama alivyowaambia wote aliowafelisha. Nikaapa kutogusa usukani tena. Yeye nilimkubali, usukani nikausamehe.

Tangu tustaafu, kila Jumatano tunafuata barabara ya pwani. Jumatano kwa sababu wenye kazi wako kazini, na kipupwe ndicho kinachotufaa zaidi. Mikahawa ya ufukweni imefungwa, viti vimetiwa minyororo, bahari ina rangi ya sufuria kuukuu, na barabara yote ni yetu wawili. Tunaegesha mahali pa juu, tunakunywa chai ya chupa, tunawasengenya wakwe, tunarudi. Sina starehe nyingine ninayoipenda hivyo, na nasema bila aibu.

Mwaka huu Penseli akaanza kuziamkia nguzo za taa. Jumatano moja akampigia honi mbwa mweusi aliyelala njiani, kumbe ni tairi bovu. Kwenye kona kali tukahamia upande wa wenzetu, lori likatupigia honi, naye akalitukana. Tulipofika nyumbani nikapekua koti lake. Msinitazame hivyo, mkunga amezoea kutia mkono pasipomhusu. Nikakuta barua ya daktari wa macho, imekunjwa mara nane: asiendeshe gari tena.

Ningemwambia binti yetu, angekuja siku hiyohiyo kuchukua ufunguo, na gari, na Jumatano zetu. Ningemwambia mwenyewe, angenuna mpaka kaburini. Nikaogopa yote mawili, nikatafuta la tatu. Kila Jumatatu nikawa naaga kwamba nakwenda kumwona rafiki yangu mgonjwa. Mgonjwa huyo alikuwa mwalimu wa udereva, mzima kama kigongo. Na kila Jumatano, ili Penseli asitoke, niliugua mimi. Niliugua magonjwa yote ninayoyajua, na nayajua mengi. Wiki ya tisa "mgonjwa" akapona, nami nikawa na leseni mkobani, chini ya vitambaa.

Sasa, Penseli ana desturi yake. Hawezi kuondoka kabla hajalizunguka gari, akapiga kila tairi teke moja, akafuta kila taa. Asubuhi za baridi huwasha injini kwanza ipate moto. Jumatano iliyofuata, alipofika nyuma ya gari, nikahamia kiti cha dereva nikafunga milango.

Akagonga kioo. "Mama, umekaa kwangu."

"Zunguka upande wa pili, baba. Utaganda."

"Una leseni wewe?"

Nikaitoa, nikaibandika kwenye kioo. Akaisogelea mpaka pua ikagusa. "Tarehe ziko sawa," akasema kwa sauti ya ofisini. "Lakini picha imekunenepesha."

Nilikuwa nimembandikia mgongo wa leseni, makusudi. Upande ule haukuwa na tarehe wala picha. Nilitaka kujua, nikajua, na kicheko chote kikanikauka.

Akazunguka polepole, mkono ukipapasa boneti. Nikamfungulia. Alipoketi akafungua droo ya dashibodi, akatoa ubao wake na penseli. "Mtahiniwa, funga mkanda."

Getini gari likazima. Nikamsikia akiandika kwa raha, kama mtu anayejikuna. Barabarani akaniamuru gia ya tatu, ya nne, polepole, shule hiyo, nikamwambia shule tumeshaipita, akaandika na hilo. Kisha ikaja ile kona ya lori. Nikapunguza, nikarudi gia ya pili, nikaizunguka ndani ya mstari wangu. Penseli ikanyamaza.

"Umesoma barua yangu," akasema.

"Nimeisoma."

"Mgonjwa wako hajambo?"

Nusura nitupeleke mtaroni. "Ulijua?"

"Wiki nane unakanyaga klachi chini ya meza ya chakula, nisijue? Macho yameharibika, masikio bado." Akakohoa. "Unadhani nilihitaji kulipiga tairi la nyuma mateke manne? Nilikuwa nakusubiri uhame kiti. Umechelewa sana, mama."

Tulipofika juu niliegesha, nikamimina chai. Upepo ulilitikisa gari. Nikamuuliza matokeo, kama yule mkunga kijana wa zamani.

"Umefeli."

"Kwa kosa gani?"

"Gari limezima getini. Na kioo cha pembeni hukutazama."

"Nimetazama kila mara!"

"Mimi sikuona," akasema.

Tulitazamana, halafu tukacheka mpaka chai ikamtoka puani. Alipomaliza kujifuta akaupiga ubao kwa penseli. "Utarudia Jumatano ijayo. Saa ileile. Usichelewe."

Jioni, alipokuwa anaoga, niliuchukua ule ubao. Mistari ilikuwa imepandana, mmoja juu ya mwingine, na maneno ya mwisho yalikuwa yameiacha karatasi yakaendelea juu ya ubao wenyewe. Nililia kidogo, sifichi. Kisha nikabandika karatasi mpya na kuchonga penseli mpaka ikatisha.

Nimesharudia mara kumi na moja. Gari halizimi tena getini, ila nikimwona ameshika ubao, nalizima mwenyewe. Kila Jumatano nafeli, na kila usiku namwomba Mungu asinifaulishe.