Bolti Zilizogoma

Gari liliingia gereji likijikokota kwa rimu, tairi la mbele limechanika vipande, na Tindo akajua ni la nani kabla halijasimama. Tindo ndilo jina walilompa mafundi wenzake, yeye mwanamke pekee gerejini, kwa sababu ya ulimi wake mkali. Hapakuwa na mwanamume pale ambaye hajawahi kuchongwa nao. Lakini alipomwona mdogo wake wa tumbo moja kwenye kiti cha mbele, amejifunika mtandio hadi puani katika joto lile la mchana, ulimi wenyewe ukamkauka.

Shemeji yake alishuka, akaubamiza mlango.

"Shemeji, nitolee tairi hili upesi. Nina safari."

"Na mwenzio mbona hashuki?"

"Anaumwa kichwa. Wewe shughulika na tairi."

Wenzake Tindo walikuwa wamekwenda kula. Alichuchumaa peke yake. Bolti zilikuwa zimeshikwa na kutu, na moja kichwa chake kilikuwa kimelika hadi kikawa mviringo. Mtu alikuwa amezikaza kwa kuisimamia spana kwa miguu yote miwili, na hakuhitaji kuuliza ni nani. Akazimwagia mafuta ya kulainisha kutu, akachomeka spana, akavisha mpini bomba refu la chuma ili apate nguvu, kisha akaning'inia. Ya kwanza ililia kama mnyama anayechinjwa, ikaachia. Nyingine zikafuata, kila moja na ukaidi wake. Ile iliyolika kichwa ikagoma katakata.

"Hii inataka moto," alisema, akivuta mtungi wa gesi. "Mshushe kwanza. Siwashi moto gari likiwa na mtu ndani."

"Washa tu."

"Siwashi."

Mwanamume akasonya, akafungua mlango na kumvuta mkewe kwa kifundo cha mkono. Mtandio ukateleza. Jicho moja lilikuwa limevimba likafunga kabisa, na damu ilikuwa imekaukia sikioni.

Tindo aliwasha moto. Akauelekeza kwenye bolti mpaka ikawa nyekundu kama kaa.

"Safari ya wapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Nyumbani. Alinitoroka, nimemkamata stendi."

"Nilikuwa nakuja kwako, dada," mdogo mtu alisema, kwa sauti ya kuibia.

Kofi lilitua kabla hajafunga mdomo. La pili lilimkuta ameshaanguka, na la tatu halikuwa kofi, lilikuwa teke la mbavu.

Tindo alizima moto. Hata yeye baadaye hakukumbuka kulichomoa lile bomba. Alikumbuka tu sauti ya goti la shemeji yake likivunjika. Mwanamume aliyumba, akatafuta pa kujishikia, kiganja kikatua juu ya bolti. Ngozi ilibanduka na kubaki pale. Alipiga yowe, lakini mkono wa pili ulikuwa umeshaokota bisibisi sakafuni. Aliizungusha huku na huko kama mwendawazimu, ikapenya kiganja cha kushoto cha Tindo na kutokeza upande wa pili. Kisha akamwangukia kwa uzito wake wote, akamkaba koo.

"Leo nawazika wote wawili," alimwambia, mate yakimdondokea usoni.

Tindo alipiga mateke hewani. Paa la mabati lilianza kuwa jeusi. Halafu kitu kilivunjika, ko, kama kuni kavu, na koo lake likaachiwa.

Mdogo wake alikuwa amesimama na nyundo kubwa mikononi. Bega la mumewe lilining'inia vibaya. Mwanamume alijiviringisha ubavu, akilia sasa, akimwita mke wangu, mke wangu. Nyundo ikapanda tena, safari hii ikikilenga kichwa.

"Basi," Tindo alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Basi, mama. Ukimuua utafungwa kwa ajili yake. Atakuwa amekupata tena."

Nyundo ilibaki juu kwa muda mrefu. Iliposhuka, ilishukia kioo cha gari. Ikashuka tena, na tena, kwenye taa, kwenye boneti, mpaka mafundi waliorudi wakamkuta amekaa juu ya vigae vya kioo, anahema kama mtu aliyetoka kuzaa.

Kituoni, askari aliuliza nani amemvunja yule bwana bega.

"Mimi," walijibu wote wawili.

"Nyundo ni ya nani?"

"Yangu," Tindo alisema.

"Lakini mkono ni wangu," mdogo wake akasema.

Askari alilitazama lile jicho, akatazama bisibisi iliyofungwa kiganjani kwa khanga, akaweka kalamu chini. Aliwapeleka hospitali kwanza.

Vidole viwili vya Tindo havikukunjika tena. Shemeji yake alifunguliwa mashtaka, na kabla ya kesi kusikilizwa, mama mkwe wa mdogo wake alikuja nyumbani kwa Tindo na mjomba wa mwanamume kuomba mambo yaishe kifamilia. Tindo alikuwa ameshafungua mdomo, na ulimi ulikuwa umenolewa vizuri, ila mdogo wake akamwekea mkono begani, akatangulia mlangoni.

"Shikamoo, mama. Karibuni ndani, mnywe maji," alisema. "Kwake sirudi. Na mahakamani nitasema yote."

Waliingia, wakanywa maji, wakaaga.