Ghorofa ya Chini ya Keki ya Harusi

Keki ya harusi ya wifi yake Mwalimu ilikuwa ya ghorofa tatu. Mbili zililiwa ukumbini, na ya chini, ile kubwa, ikarudi nyumbani nzima: keki ya matunda, nyeusi, nzito, zabibu kavu zimeshonana humo ndani na maganda ya machungwa. Wiki ya kwanza watu waliila kwa chai na kusifu. Wiki ya pili, jamani, jirani akimwona Mwalimu anakuja na sahani iliyofunikwa, anasukuma komeo. Mume wake naye akaapa kwamba akiwekewa zabibu moja zaidi, anahama.

"Basi tuitupe," Mwalimu alisema Jumamosi mchana, bati mkononi.

Lo! Bora angetukana. Mama mkwe wake aliinuka kwenye kochi alilolikalia miezi mitatu, akalinyakua bati.

"Utupe nini? Akiba haiozi, mwanangu. Niletee kisu cha meno."

Mama huyu mtaa mzima ulimwita Bi Mwiko. Miaka thelathini alipika vitindamlo kwenye jiko la hoteli, ingawa neno hilo aliwaachia wenye vitabu, yeye alisema "vitamu" tu. Hoteli ilipopata wenyewe wapya, wakaleta vijana wenye vyeti, na Bi Mwiko akapewa saa ya ukutani na asante. Mwezi uleule akaugua mafua mabaya. Alipopona hakurudi jikoni ila kwa mchuzi wake wa maharage, akawa mtu wa kochi na redio, na Mwalimu alikuwa akimtazama moyo ukimuuma, maana mtu anayezima polepole anaonekana.

Sasa mwenye mgahawa wa barabara ya pili alikuwa anatafuta mtu wa kumpikia vitamu vya kila siku. Alikuwa amepiga simu: angekuja leo saa kumi jioni, aonje, akipenda kazi ni ya Bi Mwiko. Asipopenda, basi. Mwalimu aliitaka kazi ile kuliko mwenyewe alivyoitaka.

Na nyie mngemwona mama yule kazini! Aliikata keki akaitenga mafungu matatu, vipande vizima, mapande yaliyovunjika na chenga, na hata punje iliyoanguka mezani aliifuata kwa kidole. "Keki kavu si keki mbovu," alisema. "Ina kiu tu." Vipande akavichovya kwenye maziwa na mayai, akavikaanga kwa siagi mpaka kingo zikaanza kulia. Chenga akazikanda na kakao, akaviringisha vibonge saizi moja, huku anaongea na hatazami mikono. Mapande akayapanga kwenye bakuli, akayamiminia maziwa yaliyopigwa na mayai, akaingiza kwenye oveni. Hakupima kitu. Kikombe kilikuwa jicho lake, na saa ilikuwa sikio, akisikiliza mafuta yanavyosema. Mwalimu alisimama ameduwaa. Yeye, tusifichane, jikoni alikuwa mgeni: wali wake chini mkaa, juu mbichi. Darasani aliheshimika kwa hesabu, lakini kwa mikono ile ya Bi Mwiko angevua kofia kama angekuwa nayo.

Kila kitu kilipoiva, Bi Mwiko alimpa kijiko. "Onja."

"Kitamu, mama."

Angesema nini kingine? Miaka minane ya ndoa, hajawahi kumwambia mama mkwe neno jingine juu ya chakula. Mkwe mwenye adabu hula, hushukuru, huosha vyombo.

Ilibaki shira ya kumwagia juu ya bakuli, sukari ya kuunguzwa. Bi Mwiko aliibandika kwenye sufuria nyeusi, akawa anasimulia kisa cha meneja aliyekaa juu ya keki ya balozi. Kisa kilikuwa kitamu, wote wawili wakacheka. Mwalimu alisikia harufu ya kuungua, akajiambia, nani mimi nimfundishe samaki kuogelea?

"Onja."

Ilikuwa chungu kama dawa. Mwalimu alimeza, machozi yakamlenga. "Tamu, mama."

Bi Mwiko akaimwaga yote juu ya bakuli, akatabasamu. Hakulamba hata kijiko.

"Mama," Mwalimu aliuliza, "mbona wewe huonji?"

Bi Mwiko alifunga bomba. Akafuta mikono kwenye aproni, mkono mmoja, kisha mwingine.

"Nionje nini? Tangu yale mafua, ulimi umekufa. Na pua. Sukari na mchanga kwangu ni mamoja." Akashusha sauti, ingawa walikuwa wawili tu. "Sijamwambia mtu, hata mwanangu. Mpishi asiye na ulimi nani atamwajiri? Ila nikawaza, mikono inakumbuka, na ulimi nitaazima wako. Ndiyo maana nilimwambia yule bwana aje."

Mwalimu alitazama lile bakuli linalong'aa, akatazama saa: tisa kasoro kumi. Angeweza kunyamaza. Mwenye mgahawa angeonja, angekunja uso, angeondoka kwa heshima, na mama angerudi kochini bila hata kujua kosa lilikuwa nini. Hilo ndilo lililomfungua ulimi.

"Mama, nisamehe. Shira imeungua. Ni chungu, hailiki. Nimekudanganya."

Bi Mwiko alilisogeza bakuli pembeni.

"Na vingine?"

"Vipande vya kukaanga ni vizuri mno, hapo sikudanganya. Vibonge vimepungukiwa sukari."

"Na mchuzi wangu wa maharage?"

Mwalimu alitazama sakafu. "Chumvi nyingi, mama."

"Tangu niugue?"

"Tangu niolewe."

Ebo! Bi Mwiko alishika kiuno, akamkodolea macho, na Mwalimu akaona sasa ndiyo nimeachika. Kisha mama yule akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea sinki, akagonga bati kwa mwiko. "Miaka minane! Na mnaniomba niongeze!" Alipomaliza alijipangusa macho, na hayakuwa machozi ya kicheko peke yake. "Haya. Lete vikombe vya chai. Tuna saa nzima."

Wakaanza upya. Mapande yaliyosalia wakayagawa kwenye vikombe sita, wakavipika kwa mvuke, maana oveni ingewachelewesha. Vibonge vikaviringishwa tena kwenye sukari. Shira ikabandikwa, na safari hii Mwalimu alisimama na pua juu ya sufuria.

"Inanukiaje?"

"Kama maziwa ya moto. Bado. Sasa kama karanga... bado kidogo... sasa, mama! Sasa!"

Mkono wa Bi Mwiko uliondoa sufuria motoni kabla neno halijaisha. Mwalimu akaonja, akafumba macho, akaongeza: "Punje moja ya chumvi." Ikatiwa.

Saa kumi kamili mwenye mgahawa aliketi mezani, mtu mnene, mkimya, kalamu mfukoni. Alikula kipande cha kukaanga. Akala kibonge, kisha cha pili. Alipofika kwenye kikombe alichota mpaka kijiko kikagonga chini.

"Hii ni keki gani?"

"Iliyobaki," Bi Mwiko akajibu. "Wiki mbili kwenye bati."

Bwana yule akatikisa kichwa. "Mama, ni tamu ajabu. Jumatatu uanze."

Bi Mwiko hakusema asante, wala hakutabasamu. Wageni nao wana adabu zao, alilijua hilo. Akamgeukia Mwalimu aliyesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo.

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Hapo ndipo Bi Mwiko alipovuta kiti, akakaa.