Marahaba ya Emiliana

Wanaosema cheo ni kitamu hawajawahi kukila peke yao. Emiliana alikila mwezi mzima, ofisini, mlango umefungwa, huku akiwasikia wanawake wa kufungasha wakicheka nje kwenye sinia moja la ugali na mlenda.

Kiwanda chenyewe ni cha kukamua alizeti, nje kidogo ya Singida Mjini. Zamani ukiingia mfungashaji, unazeeka mfungashaji. Meneja mpya, Sostenes, akaleta mpango wa ngazi: mfungashaji asomeshwe awe mpimaji wa mafuta, mpimaji awe msimamizi. Emiliana akawa wa kwanza kufika juu. Wenzake walimpigia vigelegele, lakini kesho yake alipokwenda kula nao walimpa kiti, wakanawa, wakanyamaza. Nani atamsengenya bosi mbele ya bosi? Mtu asikudanganye, iliuma.

Ilipotangazwa nafasi ya msimamizi wa pili, alimtaka mtu mmoja tu: dada Marietha wa Mtinko, aliyemwingiza kiwandani na kumfundisha kazi. Akimpata huyo, angalau atakuwa na wa kucheka naye. Sostenes alikubali Marietha aruke ngazi ya upimaji, ila aombe mwenyewe, na mwisho ni leo.

Asubuhi hiyo Emiliana alimsubiri getini, akipanga kichwani maneno ya kumbembeleza. Wasichana wa zamu walipita, shikamoo bosi, shikamoo bosi, naye marahaba, marahaba, bila hata kuwatazama.

“Shikamoo, bosi.”

“Marahaba.”

Lo! Alikuwa Marietha, anamtania. Miaka yote Emiliana ndiye aliyemwamkia yeye, tena kwa kukunja goti. Alitamani ardhi ipasuke. Akasema shikamoo dada, samahani dada, akili haikuwa hapa. Ndipo akaona Marietha amevaa viatu vya kanisani na blauzi iliyopigwa pasi.

Marietha hakukasirika. Heri angekasirika.

“Nilikuja kuiomba ile nafasi,” alisema. “Nikasema mdogo wangu asikae kule peke yake.” Akainama, akavua viatu, akatoa ndala za kazi kwenye mfuko. “Lakini kama huko juu ndiko watu wanakowasahau wakubwa zao, mimi acha nizeekee kwenye madumu. Kazi njema, bosi.”

Safari hii hakuwa anatania.