Kikapu Kilichofunikwa kwa Koti

Kwenye usharika ule wa mlimani, juu ya Tengeru, hakuna aliyewahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Sikukuu ya Mavuno ikifika, ibada ikiisha, watu hutoka nje, hukaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, na mnada huanza. Mkungu wa ndizi, debe la mahindi, ndoo ya maparachichi, jogoo aliyefungwa miguu, vyote hunadiwa na kinachopatikana ni sadaka. Anayenadi ni Mzee Anaeli, mzee wa kanisa mwenye miaka sabini na ushee na sauti iliyokataa kuzeeka pamoja naye. Sheria yake ni moja: kila kitu kinanyanyuliwa juu, kinageuzwa huku na huku, watu waone. Jogoo akiwa na chongo, Mzee Anaeli huwaambia kabisa kwamba ana chongo.

Ila kila mwaka kipo kikapu kimoja kisichonyanyuliwa. Kuna mtu mwaka umemwendea vibaya, kaja na alichonacho, na alichonacho kinatia aibu hata kukitaja. Mzee Anaeli akipokea kikapu cha namna hiyo huvua koti lake, hukifunika, kisha husema kwenye kipaza sauti: "Hiki mimi nimeshaona. Ni kizuri. Ongezeni tu." Basi watu huongeza. Anayekinunua hakifunui njiani. Huenda nacho nyumbani, na katikati ya wiki kikapu hurudi kwa mwenyewe kikiwa na sukari au kipande cha sabuni, maana chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Hakuna aliyewahi kulieleza jambo hili kwa mdomo. Watoto wa pale hulijua kama wanavyojua kuamkia wakubwa.

Elisaria alikuwa mtoto wa pale. Kwa hiyo asije mtu akamtetea kwamba hakujua. Alijua.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza magemu ya simu. Alipanga chumba Lemara, mjini Arusha, juu ya duka la vipuri, yeye na Jackline, mchoraji kutoka Sombetini mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, pamoja na vijana wengine wawili. Gemu lao la kwanza lilikuwa huo huo mnada wa mavuno. Unanadi, watu wanapandiana bei, ndizi zinaiva ukichelewa, jogoo anakata kamba anakimbilia madhabahuni. Sauti ya mnadi ilikuwa ya Mzee Anaeli mwenyewe. Elisaria alimfuata sebuleni kwake na maikrofoni.

"Sauti yangu itafanya nini huko, mwanangu?" mzee aliuliza.

"Itanadi, Mzee. Kama unavyonadi hapa."

Mzee akasali kwanza, kisha akanadi peke yake sebuleni, mikono mitupu ikinyanyua mikungu isiyokuwepo, mpaka jasho likamtoka. Mwishoni, bila kuombwa, akacheka na kuongeza yale maneno ya koti. "Na hili usilisahau," akasema. Elisaria hakuwa na mpango nalo. Likakaa kwenye kompyuta miaka miwili.

Gemu liliuzwa shilingi elfu tatu, unalipa mara moja, basi. Mwaka wa kwanza lilikwenda. Wameru walioko Dar na wale walioko ughaibuni walilinunua kwa hamu ya nyumbani. Mwaka wa pili soko likageuka na kuwaacha wamesimama. Magemu makubwa ya nje yakaja bure, tena yanang'aa, na aliyelitaka la mnada alirushiwa na rafiki yake, simu kwa simu. Vijana wawili wakaondoka, mmoja akaenda kufungua kibanda cha kutengeneza simu. Akabaki Elisaria, akabaki Jackline, ikabaki kodi ya chumba.

Ndipo Skolastika alipopiga simu ya video kutoka Dar. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasambazia gemu lao, na hakuwa mtu mbaya. Wasambazaji wengine walishaacha hata kupokea simu zao.

"Elisaria, siku hizi mtu halipi mlangoni," alimwambia. "Anaingia bure, analipia ndani. Nitafutie kitu kilichofungwa, mtu alipe ndipo afungue. Wenzetu wanaweka masanduku. Kwenu huko kitu kilichofungwa kinaitwaje?"

Hakuna aliyemshikia Elisaria panga shingoni. Alijibu mwenyewe, tena haraka, kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Kikapu," akasema. "Huwa kinafunikwa kwa koti."

Gemu likawa bure. Kikapu kikawa shilingi mia tano, unalipa kwa simu, unafunua. Mara nyingi unakuta viazi vitamu vitatu visivyokusaidia kitu mchezoni. Mara moja katika mia mbili unakuta ng'ombe wa maziwa. Jackline alilichora lile koti vizuri mno, mpaka mikunjo ya kiwiko. Alipouliza ni koti la nani, Elisaria alisema ni koti tu.

Halafu wakapima, maana kazi hiyo haifanywi kwa kubahatisha. Nusu ya wachezaji waliletewa kikapu kimya kimya. Nusu nyingine walisikia sauti ya Mzee Anaeli: "Hiki mimi nimeshaona. Ni kizuri. Ongezeni tu." Wiki haikuisha, waliosikia sauti walikuwa wamefunua vikapu mara tatu ya wenzao. Skolastika alituma picha za moto kwenye WhatsApp, mstari mzima. Elisaria naye alifurahi, na kusema kweli alifurahi sana. Alimlipa Jackline mshahara wa miezi miwili kwa mkupuo.

Furaha hiyo ilidumu mpaka siku moja kwenye kijiwe cha bodaboda Sombetini. Kisioki, dereva aliyezoea kumbeba, alikuwa ameinamia simu. Alifunua kikapu, viazi. Akafunua kingine, viazi. Akafunua cha tatu, kisha akatema mate pembeni.

"Huyu mzee tapeli sana," akasema. "Eti nimeshaona. Umeona nini, mzee mzima?"

Elisaria uso ulimwaka kana kwamba amepigwa kofi. Alipanda pikipiki, na njia nzima alikuwa akimjibu Kisioki moyoni, na kila jibu lilimgeukia mwenyewe.

"Itoe hiyo sauti," Jackline alimwambia alipomsimulia. "Kikapu kibaki kama lazima, lakini mzee wa watu mtoe humo. Hajui hata kama yumo."

"Nitamwambia kwanza."

Jumamosi akapanda mlimani. Mzee Anaeli alikuwa na kitochi tu, simu ya kupiga na kupokea, kwa hiyo hakuwahi hata siku moja kujisikia kwenye gemu. Alimpokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lile gemu letu linaendeleaje?"

Neno lile, letu, Elisaria hakulitarajia. Alikuwa amejipanga tangu Tengeru, ameyakariri maneno. Akafungua mdomo, akasema, "Vizuri, Mzee. Watu wanaipenda sauti yako."

Mzee akafurahi, akamwita mkewe Eunike alete maziwa, akamtaka mgeni ayarudie maneno yale mama naye asikie. Elisaria akayarudia. Akanywa maziwa, akasifia migomba, akaaga. Alirudi mjini na mkungu wa ndizi za kupewa, na hakuweza kuzila. Alipomgusia Skolastika habari ya kuitoa sauti, Skolastika alisema wamalize kwanza robo mwaka. Elisaria akakubali, na aibu kubwa kuliko zote ni kwamba alipokubali aliona nafuu.

Robo mwaka haikuisha, Sikukuu ya Mavuno ikafika. Angeweza kutokwenda, lakini mtu wa kwao asipoonekana siku ya mavuno huulizwa mpaka na wasiomjua. Akaenda, akakaa nyuma, mbele kidogo ya safu ya vijana.

Mnada ulikwenda vizuri. Mzee Anaeli alikwishauza mikungu minane na jogoo mmoja mkorofi alipoinama kuchukua kikapu cha Mama Elinami. Mama huyu alifiwa na mumewe mwezi wa kwanza, baada ya ugonjwa ambao gharama zake zilikula ng'ombe na miti ya mbao. Alikuwa amekitua kikapu chake katikati ya vikapu vya wenzake kama mtu aliyekiangusha kwa bahati mbaya, kisha akaenda kukaa mbali nacho. Mzee alichungulia ndani. Akavua koti.

Elisaria aliliona koti likishuka.

"Hiki mimi nimeshaona," Mzee Anaeli akasema kwenye kipaza sauti.

"Ni kizuri! Ongezeni tu!" Safu ya nyuma ilimalizia, kwa sauti ile ile ya mzee, na mmoja akaigiza mlio wa pesa za kwenye gemu. Vijana wakaangua kicheko. Hata akina mama wawili wa kwaya walicheka, maana simu za watoto wao zilishawafundisha.

Mzee Anaeli akaitazama zipu yake kwanza. Ilikuwa imefungwa. Akadhani basi ni furaha ya sikukuu, naye kwa uzoefu wake wa kunadi akatabasamu, akavuta pumzi, akayasema tena maneno yote kwa nguvu zaidi. Kicheko kikazidi.

"Viazi hivyo, Mzee! Vitatu!" kijana mmoja akapaza sauti. "Tumeshalizwa sana!"

Hilo Mama Elinami alilisikia vizuri. Aliinuka. Alipita katikati ya viti bila haraka, akafika mbele, akaliondoa koti juu ya kikapu, akalikunja na kumpa Mzee Anaeli.

"Asante, Mzee," akasema. "Waone tu."

Akakiinamisha kikapu kuelekea watu. Vilikuwa viazi vitamu, vidogo, vimeoshwa vikatakata.

"Ni vitano," akasema Mama Elinami. "Aliyesema vitatu amekosea."

Kicheko kilikatika. Yule kijana alikaa chini akaangalia viatu vyake. Mzee Anaeli alibaki na koti mkononi, akiwatazama watu wake mmoja mmoja, akitafuta wa kumweleza, na hapo Elisaria akajikuta amesimama.

"Mama, hawakukucheka wewe," akasema. "Kuna gemu kwenye simu. Nimelitengeneza mimi. Sauti ya Mzee imo, inawauzia watu kikapu kama hicho, na wakifunua wanakuta viazi. Mzee hajui. Nilikuja kumwambia, nikanywa maziwa yake, sikumwambia."

Watu waligeuka wote. Mzee Anaeli alikuwa bado na kipaza sauti mdomoni, kwa hiyo swali lake lilisikika mpaka barabarani.

"Wakinunua, inakwenda kanisani?"

"Hapana, Mzee."

"Inakwenda kwa mwenye kikapu?"

"Hakuna mwenye kikapu, Mzee."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Hakumgombeza. Elisaria angempa chochote wakati ule amgombeze. Badala yake alikinyanyua kikapu cha Mama Elinami juu, akakigeuza huku na huku kama sheria yake ilivyo, akasema, "Viazi vitano. Mnaviona wenyewe. Nani ataanza?"

Hakuna aliyeanza. Kununua kikapu kilichofunikwa kila mtu pale aliweza, lakini kutaja bei ya viazi vitano mbele ya mama yule, akikutazama, ilikuwa sawa na kumrushia sarafu. Elisaria aliitazama mikono yake. Alikuwa na pesa mfukoni, na alijua kila mtu anajua zimetoka wapi. Hakuweza kuunyanyua mkono.

"Elfu moja, Mzee," Mama Elinami akasema. Akafungua fundo la kanga yake. "Nanunua mwenyewe."

"Mara ya kwanza," Mzee Anaeli akasema, na sauti ile, iliyokataa kuzeeka, ilizeeka hapo hapo. "Mara ya pili. Mara ya tatu." Mama Elinami akaweka noti kwenye sahani, akachukua kikapu chake, akashika njia ya kwake kupitia shamba la kahawa.

Baada ya sala ya kufunga Elisaria alimfuata mzee kwenye ukuta wa kanisa. Alikuwa ameshampigia Jackline, na Jackline alikuwa ameshaanza kazi bila kumuuliza Skolastika.

"Tunaitoa, Mzee. Leo hii."

"Ikitoka, imetoka?"

Angeweza kusema ndiyo. Mzee mwenye kitochi angejuaje?

"Hapana," akasema. "Atakayelipakua gemu upya hataisikia. Lakini wengi hawachukui toleo jipya, wanabania bando. Kwenye simu zao utabaki unawaambia umeona."

Mzee Anaeli alikung'uta koti lake, ingawa halikuwa na vumbi.

"Mwakani Mama Elinami akija," akauliza, "au mwingine aliyefikwa, nitawaambia watu nini?"

Hakuwa akimsuta. Alikuwa akiuliza kweli, kama mtu anavyomuuliza fundi, na alisubiri jibu. Mzee aliposubiri vya kutosha alimwambia amsalimie mama yake, akaenda kumsaidia mhazini kukunja turubai.